Shetani Apendaye Utamu

17 Septemba

Nesi Lucy amenipa daftari hili leo kliniki. Kurasa mia moja, jalada la bluu. Amesema niandike sukari yangu asubuhi na jioni, na chini yake niandike ninavyojisikia. Nikamwuliza ni kwa ajili ya nani. Akasema kwa ajili yangu mwenyewe, yeye hatasoma. Sijamwamini. Basi kama unasoma, nesi, ninajisikia hivi: wewe una miaka ishirini na sita, umetoka Iringa kwenye baridi, hujawahi kuumwa hata jino, na unaniuliza mimi kama napata usingizi.

Maswali yake yapo tisa kwenye karatasi. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya jambo lolote. Ni mara ngapi umejiona huna thamani. Ni mara ngapi umewaza ni heri ufe. Nilimjibu hakuna, hakuna, hakuna, mpaka karatasi ikaisha. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu kumi na wawili, na wote wana masikio.

Mimi ni Mwanahamisi. Nina miaka thelathini na minane, nakaa Mahurunga kwa kaka yangu Athumani na mkewe Mwanakombo. Kisukari nimeanza nacho mwaka wa tisa huu. Mwaka wa tatu mume alinirudisha nyumbani, akasema hakuoa mgonjwa. Sindano mbili kwa siku. Haya, nimeandika.

18 Septemba

Asubuhi 14, na nesi anataka isizidi 7. Najisikia kama mtu anayeandika upuuzi.

21 Septemba

Korosho zimeanza kudondoka upande wa bondeni. Tumeokota tangu alfajiri, mimi na wifi. Wifi yangu akiokota anaimba, na akiimba anajisifu. Jioni alipika wali wa nazi, akanipakulia mimi sahani yangu ya peke yangu: ugali wa muhogo na mchicha. Akaniambia mbele ya watoto, "Wifi, wali haramu kwako." Ameshika moyoni kwamba muhogo hauna sukari kwa sababu hauna utamu. Nimemweleza miaka sita. Nikapima baada ya muhogo wake, 19.

Sindano ya jioni sikuchoma. Sikusahau. Chupa ya dawa inakaa kwenye chungu kidogo chenye mchanga uliolowa maji, ili isiharibike kwa joto. Niliitoa, nikaitazama, nikairudisha.

22 Septemba

Sikuchoma.

23 Septemba

Nimechoma asubuhi kwa sababu Athumani alikuwa ananitazama.

30 Septemba

Joto. Asubuhi 17. Hakuna la kusema.

8 Oktoba

Kliniki. Lucy ameanzisha kikundi. Anatuweka kwenye duara, watu saba, viti vya plastiki, anataka tusemezane. Nilijua yatakuwa mambo ya kushikana mikono, na kweli, akaanza na wimbo.

Kando yangu alikaa Fatemabai, yule mama wa duka la vitambaa Mikindani. Wazee wangu walinunua kanga kwa baba mkwe wake. Anasema Kiswahili cha Mikindani kuliko mimi, tena kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa na hataki kuzidisha hata inchi. Lucy alipouliza nani angependa kuanza, Fatemabai hakungoja. Alisema, "Mimi mwaka mzima nilikuwa namwaga dawa yangu kwenye sinki. Mwanangu Feroz ananiletea, namshukuru, akitoka namwaga. Nilikuwa nimechoka na kila kitu, nikaona hii ndiyo njia isiyo na kelele."

Mimi nilimchukia pale pale. Nilimchukia kwa kuwa amesema kama anayetaja bei, na kwa kuwa alipomaliza alinigeukia mimi, si mtu mwingine, akanitazama usoni. Nikamwuliza kama ana jambo na mimi. Akasema hana. Nikamwambia basi atazame mbele. Lucy akaingilia kwa sauti yake ya upole, na upole wake ukanichefua zaidi ya lile jicho la Fatemabai.

Nimerudi nyumbani kwa hasira mpaka nikasahau kununua chumvi.

9 Oktoba

Mimi sina sinki. Kwetu dawa inarudi kwenye chungu na hakuna anayejua. Sijui kwa nini nimeandika hivi.

19 Oktoba

Leo niandike vizuri, kwa sababu leo ndipo ujinga ulipoanza rasmi.

Asubuhi niliamua kuchoma dozi yote. Nilikuwa nimeota vibaya, nikajiambia leo niwe mtu. Nikachoma, kisha Athumani akaita kwamba korosho zimedondoka nyingi na mawingu yamekaa, twende kabla hazijalowa. Nikaenda bila kula. Saa nne, chini ya mkorosho wa mwisho, mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka hadi miguuni, na maneno nayo yakatoka. Wanasema nilimwita Mwanakombo mchawi wa sufuria. Wanasema nilimtupia ndoo. Sikumbuki ndoo. La mchawi wa sufuria nalikumbuka, na silifuti.

Nikaanguka. Mwanakombo aliokota mabibo yaliyoiva, yale matunda ya mkorosho, akayakamua kwa mkono, akanimiminia mdomoni maji yake. Baada ya dakika chache nikatulia, nikakaa, nikamwomba maji ya kunawa. Nikawaeleza kwamba sukari ilishuka. Hilo liliwachekesha. Mwanakombo akasema mbele ya majirani waliokuja kutazama, "Wifi, ugonjwa wako si sukari nyingi? Sasa iliyo nyingi imeshukaje? Na mwenye sukari nyingi anaponaje kwa kupewa utamu?"

Nikawaeleza tena, taratibu, kama Lucy anavyotueleza: dawa ikizidi chakula, sukari inaanguka. Hakuna aliyesikiliza. Walikuwa wameshaona kwa macho yao. Mtu katukana, katetemeka, kaanguka, kapewa kitu kitamu, katulia. Kwetu kila mtu anajua huyo ni nani. Ni mgeni. Ni shetani apendaye utamu, na mimi ni kiti chake, mtu anayemkalia.

Asante yangu kwa Mwanakombo haikutoka. Aliniokoa, na bado sikuweza.

20 Oktoba

Watoto wa jirani wanapita mbali na mimi.

24 Oktoba

Nimepiga kelele kwa sababu mtu amehamisha chungu changu cha dawa akaweka juani. Mwanakombo akamwambia Athumani kwa sauti ya chini, "Unamsikia? Amekuja tena." Nikiwa na hasira sasa siyo mimi. Kaka yangu mwenyewe anangoja nimalize ndipo anaposema na mimi, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Lucy anasema hasira huja na sukari, wifi anasema huja na shetani. Hakuna anayedhani kwamba labda mmenikasirisha.

2 Novemba

Amekuja Fundi Somoe, mama wa ngoma za mashetani kutoka ng'ambo ya pili ya kijiji. Mama mkubwa, macho makavu, hana maneno mengi. Alinishika kifundo cha mkono kwa muda mrefu. Akasema mgeni yupo, au kuna kitu kinachofanana na mgeni. Mwanakombo alisikia nusu ya kwanza tu.

Athumani hakukaa. Yeye ni mtu wa msikiti, alikwenda nyuma ya nyumba kutia jembe mpini mpya. Jembe lile halikuwa limevunjika.

12 Novemba

Kliniki, 22. Lucy alinipeleka nje, chini ya kibaraza, akaniuliza moja kwa moja, "Dada, kuna siku unaacha sindano kwa makusudi?" Nikamwambia amezoea kuongea na Fatemabai. Hakukasirika. Akaniandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akasema mtu anaweza kuchoka na kisukari hadi akachoka na kuishi, na kwamba hilo nalo linatibiwa, kuna daktari. Nikamwambia mimi siyo mwehu, nikaondoka bila kuchukua dawa ya mwezi.

Njiani nilikuwa natetemeka na haikuwa sukari. Alijua, ndiyo maana.

17 Novemba

Mawingu kila siku na mvua hainyeshi. Kila mtu ana kisirani. Korosho zimejaa ukumbini, tunalala na harufu yake.

23 Novemba

Wameamua ngoma ifanyike baada ya korosho kwisha. Fundi Somoe ametoa masharti. Siku tatu kabla na siku ya ngoma, kiti kisiguswe na chuma. Kisu, sindano, hata pini ya kitambaa. Mgeni hapendi chuma ndani ya kiti chake.

Athumani ndiye aliyeniletea habari, juzi. Alikuwa anatazama chini. Alitarajia nikatae, nipige kelele, aseme ni shetani, yaishe. Nikamwambia, sawa. Akainua uso. Nikarudia, sawa kaka, sindano siku nne niache. Alifurahi, masikini. Akaniambia nimekuwa na busara.

Sasa nitaandika jambo, na kama Lucy anasoma, asome. Nimewaza sana namna ya kuondoka. Kujiua ni dhambi, na ni aibu atakayeibeba Athumani kila atakapoingia msikitini. Lakini hii hapa imeletwa mlangoni. Wao wenyewe wataniweka mbali na sindano, kwa mapenzi, kwa ngoma na ubani. Nikifa watasema mgeni alikuwa mkali. Hakuna hata mmoja atakayesema Mwanahamisi alitaka. Tangu nimesema sawa, nimelala usingizi mzuri siku mbili.

29 Novemba

Mwanakombo ananishonea shuka nyeupe ya ngoma. Amekuwa mwema. Ananiita "wifi yangu" na anapika wali, ananipakulia. Wema wake wote ni wa mgeni. Nimekula wali ule kwa chuki na ulikuwa mtamu.

1 Desemba

Mvua ya kwanza. Nimechoma leo kwa mara ya mwisho. Sikuona uchungu wowote.

3 Desemba

Kiu. Nimekunywa ndoo nzima. Mikono mizito, mwandiko huu siyo wangu.

4 Desemba

Natapika. Wanasema mgeni anajitayarisha.

10 Desemba, wodini, hospitali ya mjini

Nimeomba kalamu. Nitaandika yote kabla mtu mwingine hajanisimulia maisha yangu.

Ngoma ilianza tarehe tano baada ya sala ya adhuhuri, uani, chini ya turubai, mvua inapiga. Walinikalisha kwenye mkeka na shuka nyeupe. Sikuweza kukaa wima, Mwanakombo akanishika mgongo. Pumzi yangu ilikuwa inakwenda ndefu, peke yake, kama ya mtu aliyepanda mlima. Mwanakombo akasema pumzi inanuka mabibo yaliyochacha. Akawaambia wanawake kwa furaha kabisa, "Mgeni amekunywa."

Fundi Somoe akaniinamia akanusa. Niliona uso wake ukibadilika. Hakusimamisha ngoma, lakini aliwapa ishara wapige polepole.

Desturi ni kwamba fundi anamwuliza mgeni. Mgeni akisema, anachotaka ni lazima kitolewe, siku hiyo hiyo, hata kama ni kanzu ya hariri. Watu wote walikuwa wamesogea kusikiliza. Nilikuwa nimejipanga. Nilijua nitanyamaza, na wao wataendelea kupiga, na mimi nitateleza tu mpaka nimalizike. Nilikuwa karibu sana. Wala haikuwa vibaya kule.

Fundi akauliza, "Karibu, mgeni. Unataka nini kwenye kiti hiki?"

Nikafumbua mdomo kumwambia aniache. Ikatoka sauti nene, imekauka kwa kiu, hata mimi iliniogopesha. Ikasema, "Sitaki kufa. Nipelekeni hospitali, nachoka peke yangu, sitaki kufa."

Fundi Somoe hakupoteza hata dakika. Alisimama akatangaza kwa sauti ya amri, "Mgeni amesema. Anataka hospitali na anataka sindano. Sasa hivi." Mwanakombo akauliza kuhusu chuma. Fundi akamwambia mgeni mwenyewe ameliondoa sharti lake, na atakayebisha atamjibu yeye. Kisha akamnong'oneza jambo ambalo nililisikia, kwamba pumzi kama hii ameshainusa kwenye kiti kingine, na kile kiti walikizika kesho yake.

Barabarani palikuwa na kirikuu kimoja tu, kigari cha mizigo, chenye mafuta, nacho kilikuwa kimepakia magunia yetu ya korosho, safari ya ghalani. Athumani alitoka nyuma ya nyumba, hakuuliza kitu. Alipanda akaanza kuyatupa chini magunia yake mwenyewe, moja baada ya jingine, kwenye tope na mvua. Msimu mzima. Nilimwona nikiwa nimebebwa. Alitupa gunia la mwisho, akatandika shuka ile nyeupe, wakanilaza. Njia ilikuwa matope matupu, tulikwama mara mbili, mara zote mbili alishuka kusukuma.

Miaka tisa nimesema kwa mdomo wangu. Nimesema nimechoka, nimesema naumwa, nimesema muhogo una sukari. Shetani kasema mara moja, gari likapatikana na korosho zikalowa. Nilivyopata fahamu hapa wodini, kitu cha kwanza nilichosikia mwilini mwangu kilikuwa hasira hiyo. Daktari alisema nimeponea padogo. Nikalia, na siyo kwa kushukuru.

11 Desemba

Lucy alikuja. Hakubeba karatasi. Alivuta pazia, akakaa kitandani upande wa miguu, akasema, "Nilikuuliza mambo yale mbele ya foleni. Nilikosea, dada." Nilikuwa na matusi mawili nimemwandalia tangu asubuhi. Yakakosa pa kwenda.

Nikamwambia. Nilimwambia chungu na mchanga, siku nilizoruka, ile sawa niliyomjibu kaka na nilivyolala vizuri baada yake. Alisikiliza bila kutikisa kichwa na bila kusema pole. Mwishoni akaniuliza kama wazo lile bado lipo. Nikasema lipo, ila limekaa mbali kidogo. Akasema kesho atakuja na daktari wa magonjwa ya akili, mlango utafungwa, na yeye atakuwepo nikitaka awepo. Nikamwambia awepo. Bado simpendi sana.

12 Desemba

Daktari amekuja. Mzee mfupi, ananong'ona. Kanipa vidonge na siku ya kurudi. Ameniambia hasira siyo ugonjwa wangu, ugonjwa ni kule kukata tamaa kulikokaa chini yake. Hilo nimelipenda, kwa kuwa hasira yangu nilikuwa sitaki mtu anitibu.

Fatemabai kaniletea maandazi ya unga wa mtama yasiyo na sukari. Mabaya mno. Alikaa nusu saa, hatukusema hata sentensi tano, na alipoondoka nikaona chumba kimepungua.

13 Desemba

Athumani alikuja leo peke yake, saa ya kutazama wagonjwa. Kanzu safi. Alisimama mbali kidogo na kitanda, akasalimu kwa heshima ambayo hajawahi kunipa tangu tumezaliwa. Kisha akatoa kwenye mfuko chupa ya soda nyekundu na kipande cha halua kwenye karatasi, akaviweka juu ya kabati, kwenye wodi ya wagonjwa wa kisukari. Akasema ni vya mgeni. Akasema nyumbani wamekubaliana wote: sindano asubuhi na jioni zisikosekane, Mwanakombo mwenyewe atasimamia, kwa kuwa mgeni ameagiza. Wala mgeni asihofu, hakuna atakayempinga.

Nilimtazama. Mikono yake ina michubuko ya magunia. Na nikaona ninaweza kunyamaza tu, yakawa mazuri. Nyumba nzima ingenitii. Wali ningepewa, sindano ningekumbushwa, nikikasirika wangeniogopa. Ningeishi vizuri sana kama shetani. Na siku nikichoka tena, nani angeniuliza mimi?

Nikamwambia, "Kaka, aliyesema hataki kufa ni mimi."

Akanikataza haraka, nisimkane mgeni, atakasirika.

"Ni mimi. Na aliyekuwa anataka kufa ni mimi vilevile. Uliponiambia niache sindano nilisema sawa kwa sababu hiyo. Mgeni hakuwepo, kaka. Tulikuwa mimi na wewe tu."

Akatazama soda, akatazama mlango, nikadhani ataondoka. Alikuwa anafikiria korosho, nadhani, kwamba alizitupa kwenye tope kwa ajili yangu mimi, dada yake, na si kwa ajili ya mtu mwingine. Uso ukamshuka. Machozi yakatoka, mtu mzima, katikati ya wodi, na wagonjwa wengine wakageuka ukutani kumsitiri.

Baadaye alijifuta kwa upindo wa kanzu. Akaniita kwa jina langu, polepole.

"Mwanahamisi. Sasa wewe unataka nini?"

Miaka tisa nilikuwa nimejiandaa kujibu kila kitu isipokuwa hilo. Nikasogeza miguu, nikampa nafasi kitandani, nikamwambia akae kwanza. Akakaa.